Hilux ya dizeli ya zamani ikisumbua, anzia hapa kabla pampu haijashushwa

Hizi Toyota Hilux za zamani, zile za miaka ya 90 mpaka mwanzoni mwa 2000 zenye injini ya 2L, 3L au 5L, ndo zinabeba viazi Njombe, mahindi Sumbawanga, saruji, mbuzi, wagonjwa na kila kitu, na nyingi hazifi kwa uzee, zinakufa kwa kufunguliwa hovyo. Gari imegoma kuwaka asubuhi, fundi anaitwa, kabla hajauliza chochote anasema pampu imekufa, pampu inashushwa, inapelekwa kwa mtu wa pampu, inarudi na bili nzito na gari bado haiwaki, kumbe tatizo ni mpira wa dizeli unavuta hewa pale kwenye filta. Hili jambo linaniuma sana kwasababu pampu ikishafunguliwa na mtu asiye na mashine ya kupimia hairudi kuwa ileile tena. Kwa hiyo hapa naweka utaratibu wa kutafuta tatizo kuanzia lile la bure kwenda la hela, na matunzo ambayo yakifanyika hii gari inaendelea kupiga kazi tu.

Kwanza ijue injini yako. Fungua boneti, angalia kibati kilichopigwa kwenye ukuta wa injini, utakuta namba ya modeli kama LN106 au LN166, hiyo L ya mwanzo ni familia ya injini. 2L ina cc 2446, 3L ina cc 2779, 5L ina cc 2986. Zote silinda nne, na hizi za kawaida hazina tabo wala kompyuta, yani ikishawaka umeme pekee inaouhitaji ili iendelee kutembea ni waya mmoja tu unaoenda kwenye pampu, tutaufikia. Kama kibati chako kimeandikwa 5L-E au 2L-TE basi pampu yako inaongozwa na kompyuta na mambo ya pampu ninayoandika hapa hayakuhusu, mengine yote yanakuhusu.

Dizeli haina plagi ya cheche. Injini inabana hewa kama mara 22 mpaka inakuwa ya moto wa kuwasha dizeli yenyewe. Kwahiyo inahitaji vitu vinne tu, izunguke kwa kasi ya kutosha, ipate dizeli safi isiyo na hewa, ipate joto la kuanzia, na kompresheni, yani ule mbano wa hewa, iwepo. Ikigoma kuwaka, kimojawapo hakipo, na moshi wa ekzosi ndo unakwambia ni kipi.

Gari haiwaki: sikiliza, kisha angalia moshi

Mwite mtu apige stata wewe ukiwa umesimama nyuma. Kuna mambo matatu yanaweza kutokea na kila moja lina njia yake.

La kwanza, stata haizunguki au inazunguka kwa uvivu. Hapo usiguse kitu chochote cha dizeli. Pima betri, ikiwa imepumzika inatakiwa kuwa volti 12.6 hivi, na wakati stata inazunguka isishuke sana chini ya 10. Terminali zenye ule unga mweupe au wa kijani zifungue, zisugue kwa msasa mpaka ziwe zinang'aa, zirudishe ukaze. Alafu fuata ule waya mnene wa hasi mpaka pale unapofungwa kwenye injini na kwenye chesisi, hapo pana kutu karibu kila Hilux niliyowahi kuinamia na watu wananunua betri mpya kumbe ni bolti moja ya kusugua. Kama unasikia "tak" moja nzito na hakuna kinachozunguka wakati betri ni nzima, mara nyingi ni vile vishaba viwili ndani ya stata vimelika, vinauzwa vyenyewe kwa bei ndogo, sio lazima kununua stata nzima. Mwambie fundi wa umeme afungue kile kifuniko cha nyuma cha solenoidi uvione kwa macho yako.

La pili, stata inazunguka vizuri lakini ekzosi haitoi moshi hata kidogo. Hii maana yake dizeli haifiki kabisa kwenye silinda. Anza na ule waya mmoja niliosema. Juu ya pampu nyuma kidogo kuna solenoidi ya kuzimia, ina waya mmoja tu. Fungua swichi bila kupiga stata, uchomoe ule waya na uurudishe, unatakiwa usikie "tik" ndogo ya chuma ndani ya pampu. Usiposikia, pima kama waya una umeme. Kama hauna, ni fyuzi au waya umekatika njiani, na ukiwa porini unaweza kuvuta waya kutoka chanya ya betri moja kwa moja mpaka pale kwenye solenoidi na gari itawaka, ila ujue kuizima ni mpaka uuchomoe huo waya. Kama umeme upo na "tik" haipo, solenoidi imekufa, ni kitu kidogo cha kufungua kwa spana na kuweka nyingine. Watu wameshusha pampu kwa ajili ya hiki kitu!

Kama solenoidi iko sawa, sasa tafuta hewa. Pampu ya hii injini haina uwezo wa kusukuma hewa, ikikutana na povu inakaa tu. Juu ya filta ya dizeli kuna kile kipampu cha mkono cha kubonyeza. Bonyeza. Kikiwa laini laini na hakikazi hata ukibonyeza mara nyingi, kuna hewa au tangi halina kitu. Kikikaza, piga stata. Bado? Basi legeza zile nati za mabomba ya chuma pale juu kwenye nozo zinazorusha dizeli ndani ya silinda, spana namba 17, nusu mzunguko tu, mwambie mtu apige stata kwa sekunde chache chache, utaona povu linatoka, alafu dizeli safi, ukiona haina povu kaza moja moja. Ukifika hapo kuwa makini jamani, vaa glavu na miwani, usiweke kidole wala kiganja mbele ya bomba linalorusha dizeli, presha yake inapasua ngozi na dizeli ikiingia mwilini ni hospitali hapohapo hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano.

Sasa swali la msingi, hewa imeingiaje? Maana ukitoa hewa leo bila kujua ilikopita kesho asubuhi utarudi palepale. Dalili kubwa ni hii: gari ikilala usiku asubuhi inasumbua, ukibonyeza kipampu cha mkono inawaka mara moja, mchana kutwa haina tatizo. Hiyo sio pampu, ni dizeli inarudi kwenye tangi usiku kwasababu kuna mahali panavuta upepo. Tafuta mpira mweupe unaopitisha mwanga, urefu wa kama kiganja, uweke kati ya filta na pampu, washa gari uangalie. Ukiona vipovu vinapita, rudi nyuma kituo kimoja, weka huo mpira kabla ya filta. Povu likiwa halipo hapo basi linaingilia kwenye filta yenyewe, na mara nyingi ni kile kipampu cha mkono, mpira wake wa ndani umekauka. Likiwa lipo hata kabla ya filta, fuata mipira mpaka kwenye tangi, angalia kila klipu, kila mahali mpira umepasuka vipasuko vidogo vidogo. Mpira unaovuta hewa si lazima uvujishe dizeli, huwezi kuuona kwa macho kwa sababu pale dizeli inanyonywa sio kusukumwa, ndo maana wengi wanaupita. Badilisha mipira yote ya dizeli kwa mpigo kama gari ina miaka zaidi ya 20, bei yake haifiki hata hela ya kumwita fundi mara mbili.

La tatu, stata inazunguka na ekzosi inatoa moshi mweupe unaochoma macho lakini injini haishiki. Hapa dizeli inafika ila haiungui, kwahiyo joto halipo au kompresheni ndogo au taiming, yani wakati wa pampu kurusha dizeli, imepotea. Anza na hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwaka. Ile taa ya njano ya hita kwenye dashibodi ni saa tu, haikwambii kama hita zinafanya kazi, inaweza kuwaka na kuzima vizuri kabisa na hita zote nne zimekufa. Ukiwa Dar unaweza usijue kabisa maana joto la Dar linakusaidia, nenda na gari hiyohiyo Makete asubuhi ya mwezi wa sita ndo utajua. Fungua ule ukanda wa chuma unaounganisha hita zote, chukua taa ndogo ya majaribio, waya mmoja kwenye chanya ya betri na ncha nyingine gusa kichwa cha hita moja moja. Ikiwaka hita nzima, isipowaka imekatika. Alafu urudishe ukanda na upime kama umeme unafika pale ukifungua swichi, usipofika ni rilei.

Hapa kuna kosa moja linafanyika sana. Hita za hizi injini haziko sawa zote, kuna za volti 12 na kuna zile za volti ndogo ambazo mfumo wa gari wenyewe unazipunguzia umeme. Fundi akikuta rilei mbovu anafunga swichi ya kubonyeza inayopeleka umeme wa betri moja kwa moja, kama hita ni za volti ndogo zinavimba, zinakatika ncha, na ncha ikidondokea ndani ya silinda umeua injini. Soma kilichoandikwa kwenye hita yenyewe kabla hujafunga chochote. Na hita iliyokaa miaka mingi ichomoe injini ikiwa ya uvuguvugu, taratibu, ikigoma usilazimishe, weka oili ya kupenyeza uache.

Na tafadhali, ile tabia ya kumwagia petroli au kupulizia dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa iachwe. Hita ikiwa ya moto hiyo kitu inalipuka kabla pistoni haijafika juu, pete zinavunjika, pistoni zinapasuka. Gari inawaka kweli siku hiyo, mwezi ujao unaanza kuuliza kwanini inakula oili.

Kuna dalili moja ambayo kweli inaelekeza kwenye pampu nayo ni hii, gari inawaka vizuri ikiwa baridi lakini ukizima ikiwa ya moto, mfano umesimama kujaza mafuta, haiwaki mpaka ipoe. Dizeli ya moto ni nyepesi, pampu iliyolika ndani inashindwa kuibana. Ukiwa umezima, weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu dakika kumi hivi, ikiwaka baada ya hapo basi pampu imechoka na hapo ndo mtu wa pampu mwenye mashine anahusika. Ni kitambaa tu, usimwagie ndoo ya maji pampu ya moto.

Moshi gari ikiwa inatembea

Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Kitu cha kwanza ni eakilina, yani filta ya hewa, itoe uishike uangalie jua kupitia kwenye karatasi yake, kama huoni mwanga badilisha. Kuipuliza na kompresa kwa nguvu inatoboa karatasi na vumbi la barabara ya kokoto likiingia ndani linakula silinda kama msasa, kwahiyo kama unapuliza basi upepo mdogo na kutoka ndani kwenda nje. Baada ya hapo ni nozo. Na kama moshi umeanza baada ya mtu "kuongeza nguvu" kwa kuzungusha ile skrubu nyuma ya pampu, mwambie airudishe. Hiyo skrubu inaongeza dizeli kweli na gari unaiona nyepesi, ila joto la kwenye silinda hedi linapanda na hizi hedi zinapasuka, hasa 2L yenye tabo.

Kujua nozo ipi mbovu, injini ikiwa sailensa, yani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, legeza nati ya bomba la nozo moja moja, glavu na kitambaa juu yake. Ukilegeza na injini ikayumba, hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi. Ukilegeza na hakuna kinachobadilika, umeipata. Ile kelele ya kugonga kama nyundo ndogo mara nyingi inaisha hapohapo ukilegeza ile mbovu. Nozo zikienda kupimwa ziende zote nne, zirudi na washa mpya za shaba, usikubali washa za zamani kurudishwa.

Bluu ni oili inaungua. Hapo fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inawaka, ukiona inapumua kidogo kidogo ni kawaida kwa injini yenye umri, ukiona inasukuma kifuniko kinarukaruka pete zimechoka. Kabla hujakubali ovaholi dai kipimo cha kompresheni, namba na sio maneno. Kwa 2L na 3L Toyota wanataka kilo 32 kwa sentimita ya mraba kwa injini yenye afya, mwisho wa kuvumilia ni kilo 20, na silinda zisipishane zaidi ya kilo 5. Gari yenye 26 kwenye silinda zote inaweza kufanya kazi miaka, gari yenye 30, 30, 29 na 17 ina tatizo kwenye silinda moja na labda ni valvu tu imebana. Valvu za hizi injini zinapimwa ikiwa baridi na zinarekebishwa kwa vishimu, vile vibati vya unene tofauti, na watu hawapimi kabisa mpaka valvu inaungua.

Kuchemsha

Hapa ndo hizi injini zinapokufa. Ukitaka kujua hali ya rejeta yako panda mlima Kitonga na mzigo, mshale ukivuka katikati na kuendelea kupanda una kazi.

Anza na kifuniko cha rejeta, mpira wake ukiwa umekatika au springi imelegea presha haikai na maji yanachemka mapema, ni kitu cha bei ndogo, badilisha bila kufikiria mara mbili. Alafu angalia mbele ya rejeta kwa tochi, majani, mbegu, wadudu na tope lililokauka, mwagia maji kutokea upande wa injini kwenda mbele, upepo wa kawaida ndo ulioyaingiza kwahiyo yatoe kwa njia ya kurudi. Klachi ya feni nayo, zima injini ikiwa ya moto kabisa na ujaribu kuzungusha feni kwa mkono ikishasimama, ikizunguka bure mizunguko kadhaa ule ute wa ndani umeisha na feni haivuti upepo ukiwa mlimani. Kuifunga kwa bolti ili izunguke muda wote ni dawa ya kukufikisha nyumbani tu.

Sasa themostati. Mafundi wengi wakiona gari inachemsha wanaitoa na kuitupa wakisema huku kwetu joto haina kazi. Sio kweli. Kwenye hizi injini themostati ikifunguka inaziba na ile njia ya mkato ya maji, ukiitoa sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, kwahiyo ukiwa mlimani unachemsha vizuri zaidi ya mwanzo, na ukiwa kwenye baridi injini haifiki joto lake, inakunywa dizeli na kulika. Toyota wenyewe wanakataza kuitoa hata kama gari inachemsha. Kuipima huhitaji gereji, ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji ya baridi jikoni, washa moto, inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajachemka na uione imefunguka wazi. Isipofunguka nunua nyingine, na wakati wa kufunga kile kitundu chenye kipini kinachocheza kiwe juu ili hewa itoke.

Na weka kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, maji ya bomba peke yake yanatengeneza kutu inayoziba rejeta kutokea ndani na hiyo huioni.

Kama unaongeza maji kila siku na huoni yanakovuja, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko cha rejeta, washa, angalia. Vipovu vinavyopanda mfululizo na havikatiki, au mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili wakati injini haijapata joto, hedi gasketi inavujisha au hedi imepasuka. Hedi ikishushwa ipelekwe ikapimwe presha na unyoofu, usikubali gasketi mpya ifungwe juu ya hedi ambayo haijapimwa.

Ikichemsha njiani simama, kama maji hayajamwagika iache inguruma bila mzigo boneti ikiwa wazi, kama maji yamemwagika yote zima. Usifungue kifuniko, usimwagie maji baridi injini ya moto. Subiri, hata saa nzima. Abiria watalalamika, waache walalamike.

Maji na uchafu kwenye dizeli

Pampu ya hii gari inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Kwahiyo maji yakiingia au dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, pampu inazunguka kavu. Mnakumbuka uchakachuaji ulivyokuwa, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010. Hali imekuwa nafuu, lakini dizeli ya madumu kando ya barabara bado ipo na maji ya tangi bado yapo, hasa gari ikilala na tangi karibu tupu usiku wa baridi.

Chini ya filta kuna koki ya plastiki. Kila mwezi, na kila baada ya kujaza mahali usipopaamini, weka kopo chini, legeza koki, bonyeza kipampu cha mkono mara kadhaa mpaka itoke dizeli tupu. Mwaga kwenye chupa ya kioo uiache itulie, maji yanakaa chini na mstari unauona. Kaza kwa mkono, sio kwa plaizi, koki ile inakatika. Filta yenyewe badilisha kila kilomita 10,000 kwa mafuta yetu haya hata kama kitabu kinasema zaidi, na kabla ya kufunga mpya ijaze dizeli safi usije ukasumbuka na hewa.

Taiming belti

Hapa nitasema kwa kifupi na kwa msisitizo. Belti inaendesha kamshafti na pampu, ikikatika pistoni zinapiga valvu na hapo injini imekwisha barabarani. Kilomita 100,000 ndo mwisho, kwenye nyingi kuna taa ya T-BELT inawaka ikifika hapo. Umenunua gari na hujui belti ilibadilishwa lini? Ibadilishe wiki hiyohiyo, pamoja na beringi ya tenshena inayokaza belti na sili za oili zilizopo nyuma ya kava, maana belti ikilowa oili haimalizi safari yake. Baada ya kufunga, kabla ya kupiga stata, zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya mbele mizunguko miwili kamili uone alama zote zimerudi mahali pake. Ikigoma kuzunguka kwa mkono simama, usilazimishe. Simama hapo fundi akifanya, uone hizo alama.

Oltaneta na breki

Dizeli haina mvuto wa hewa wa kusaidia breki kama petroli, kwahiyo nyuma ya oltaneta ya hii gari kuna kipampu cha vakyumu ambacho ndo kinalainisha pedeli ya breki, nacho kinapata oili ya injini kupitia bomba. Sili yake ikilika oili inaingia ndani ya oltaneta, inalowesha brashi, betri inaacha kuchaji. Unaweka oltaneta nyingine ya mtumba, mwezi mmoja tena. Ukiona oili nyeusi inadondoka kwenye oltaneta au pedeli imekuwa ngumu kama unakanyaga jiwe, ni hapo, badilisha sili na mipira yake yote, na ukishafunga hakikisha bomba la oili halijakunjwa. Breki ngumu na mzigo wa tani moja kushuka mlima Sekenke sio jambo la kusubiri mwisho wa mwezi.

Oili na huku chini

Oili ni 15W-40 ya dizeli, kila kilomita 5,000 na filta yake kila mara, inaingia karibu lita 6 ila dipstiki ndo inasema imetosha. Ikiwa nyeusi baada ya siku mbili usishtuke, dizeli ndivyo ilivyo. Ikiwa kama maziwa, shtuka.

Chini, grisi. Kila nipo, kile kichuchu cha kupigia grisi, ya propela shafti na springi ipate grisi kila unapobadilisha oili, ukipita kwenye maji ya mafuriko fungua oili ya difu uangalie kama haijabadilika rangi maana maji yanaingia kupitia kile kitundu cha kupumulia, sentabolti za springi zikaguliwe ukiwa unabeba mzigo mara kwa mara. Nyuma kuna ile valvu ya breki yenye mkono uliounganishwa na difu, inagawa nguvu ya breki kulingana na mzigo, mafundi wanapenda kuifunga au kuitoa, usikubali, gari tupu inalala ubavu ukikanyaga breki kwenye mvua.

Spea na vya kubeba

Ukienda maduka ya spea ya Gerezani au Kariakoo pale Dar nenda na spea ya zamani mkononi, linganisha uzito, namba na umaliziaji, spea feki ya belti na hita ni hatari kuliko ya taa au kioo. Belti, tenshena, themostati na nozo chukua orijino hata kama mpaka ujikusanye mwezi mzima, vitu vingine angalia mfuko.

Safari ndefu beba filta moja ya dizeli, mita mbili za mpira wa dizeli na klipu zake, fyuzi, waya mrefu wa ile solenoidi, feni belti, galoni ya maji, lita mbili za oili, spana 10, 12, 14, 17 na 19, taa ya majaribio na tochi. Na kadaftari kadogo kwenye dashibodi, andika kilomita na tarehe kila unapobadilisha kitu, oili, filta, belti, hita, ili siku gari ikigoma fundi akianza kusema pampu, umfungulie ukurasa aone filta ilibadilishwa lini, alafu mwanze pamoja na ule waya mmoja wa juu ya pampu.